Trak ya Baba Mdogo

Simpendi mteja anayesimama nyuma ya kiti changu. Nimebandika karatasi mlangoni: ukiingia, kaa kwenye benchi. Hawasomi. Wanakuja mpaka begani, wananipumulia shingoni, wananyoosha vidole kwenye kioo cha kompyuta mpaka wanaacha alama za mafuta, halafu wanasema neno lile lile: "Pandisha hapo." Kila anayekuja kurekodi kwangu, Kilwa Masoko, anataka apandishwe. Katika miaka yote hii ni mtu mmoja tu aliyekuja kuniambia nimwondoe asisikike kabisa, na huyo ndiye niliyemkosea kuliko wote. Sitaji jina la mtu humu, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Kila sauti ninayorekodi inakaa kwenye mstari wake pale kwenye kioo, na mstari huo tunauita trak. Kila trak ina kidude chake cha volyumu, unakisukuma juu au chini kwa kipanya. Anayeongoza huku, wanaoitikia kule, dufu kwenye mstari wake. Kufanya miksi ni kuamua nani asikike mbele na nani akae nyuma, basi. Nimeona watu wakinuniana miaka kwa sababu ya hilo "basi".

Wakati fulani ilikuja kwaya ya Wakatoliki kutoka vijiji vya ndani huko, mbele ya Miteja, wakulima wa ufuta, watu wa heshima zao. Siku ya kwanza waliniita dada. Siku ya pili waliniita fundi. Siku ya tatu hawakuniita kitu. Sauti ya kwanza walisema sauti ya pili inawafunika. Sauti ya pili walisema hawajisikii kabisa. Wanaume wa bezi wakauliza kwani wao walikuja kutembea? Nikapandisha hawa, wakalalamika wale, nikapandisha na wale, mpaka kipimo kikawaka nyekundu na spika zikaanza kukwaruza. Nikachoka. Nikatengeneza trak tupu, isiyo na sauti hata chembe, nikaiandika jina "sauti ya pili". Kiongozi wao alipokuja kunisimamia begani, nikasukuma kidude cha ile trak tupu mpaka juu, taratibu, mbele ya macho yake. Alifumba macho, akatikisa kichwa, akasema, "Ehee! Sasa imekaa."

Nilicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo nikawa na msemo wangu, na niliusema kwa kiburi kila nilipopata wa kunisikiliza: watu hawasikii, watu wanatazama. Mimi peke yangu Masoko nzima ndiye niliyekuwa nasikia.

Studio iko kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya baba yangu. Kuta nimezifunika magodoro na mablanketi, dirisha nimeliziba, na bado kila nikirekodi bodaboda hupita akaingia kwenye kazi ya mtu bila kukaribishwa. Baba hakuwahi kulalamikia magodoro yake. Yeye alikuwa kiongozi wa kasida. Babu yake alitunga kasida ndefu, beti themanini, na kasida ile ina sharti lake: haishikiwi karatasi. Anayeiongoza awe nayo kifuani yote, na mwitikiaji akae pembeni yake kwa ajili ya kiitikio tu. Siku kiongozi akionekana na karatasi, au ikajulikana kuwa anasomewa na mtu, anakaa chini, mwingine anasimama, na yeye hasimami tena maisha yake. Haikuandikwa popote, lakini wazee wa mji wanaijua kuliko sheria za serikali. Baba aliiongoza tangu kabla sijazaliwa na hakuwahi kuteleza. Hakuwa na shamba la maana wala nyumba ya kujivunia. Alikuwa na hilo.

Mwitikiaji wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, baba yangu mdogo, mwalimu wa madrasa kule Pande. Huyu nilimchukia. Nasema nilimchukia, sitafuti neno laini.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilikaa kwake ili nisome madrasa. Siku ya sherehe nilisimamishwa mbele ya wazazi niongoze kasida ya watoto. Nilikuwa na sauti, na nilijua kuwa ninayo. Ubeti wa sita ukanitoka. Nikafungua mdomo, hamna kitu. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani, labda ni kufumba na kufumbua, kwangu ilikuwa siku nzima. Mara nikamsikia baba mdogo nyuma yangu akisoma kwa sauti yake yote, sauti ya kumwita mtu ng'ambo, akanifunika gubigubi, na watoto wote wakamfuata mpaka mwisho. Mimi nikabaki mbele kama kigingi. Wenzangu waliniambia, "Mwalimu kakupora ubeti." Mama wa mmoja wao alisema mwalimu yule hana subira na watoto wa watu. Nikayachukua maneno hayo ya kuporwa, nikayatunza zaidi ya miaka ishirini. Na alipokuja kumwambia baba kuwa binti kujifungia chumbani Dar es Salaam na vijana wenye hedifoni si elimu, nilikuwa tayari nina pa kuliweka na hilo. Baba aliniruhusu. Nikaenda, nikajifunza kazi, nikarudi.

Mwaka wake wa mwisho baba alionekana kuchoka. Ananiuliza kama nimekunywa chai, namjibu, ananiuliza tena. Siku moja aliniita kwa jina la marehemu mama yake. Nikasema ni sukari, nikasema ni uzee, nikasema kila kitu isipokuwa kilichokuwapo. Asubuhi moja aliingia studio, akakaa kwenye benchi.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "nirekodi ile ya babu, yote, kabla sijachoka zaidi."

"Hata leo, baba."

"Leo hapana. Mpaka mdogo wangu aje. Bila yeye sisomi."

Niliona uchungu kidogo. Baba mdogo akaja kutoka Pande na kikoi chake begani. Nikawatandikia mkeka, nikaweka maiki mbili, moja ya baba, moja yake, hatua tatu kati yao ili sauti zisichanganyike. Yeye akanyanyua maiki yake kama anayehamisha kigoda, akaisogeza, akakaa goti kwa goti na baba, mdomo wake karibu na sikio la baba.

"Baba mdogo, sogea. Utaingia kwenye maiki ya baba."

"Wewe rekodi."

"Kazi itaharibika."

"Nimekwambia rekodi."

Baba alikuwa ametazama chini. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Walisoma saa nzima na zaidi. Nilikuwa nimempa mgongo yule mzee kwa hasira, macho yangu yakiwa kwenye kipimo, na hedifoni nimeifungulia sauti ya baba peke yake. Mara mbili nilipogeuka nilimwona amemwinamia baba, midomo inacheza, nikasema moyoni, hata hapa anamkimbiza, hata hapa hawezi kungoja zamu yake.

Nilipofanya miksi nilimweka baba mbele kabisa. Kwenye trak yake, kabla ya karibu kila ubeti, kulikuwa na viwimbi vidogo, vile vinavyotokea mtu akivuta pumzi au akikohoa. Nikavifuta vyote kwa jicho, kimoja kimoja, bila kuvisikiliza. Trak ya baba mdogo nikaishusha mpaka hasi kumi na nane. Chini ya hapo angekuwa hayupo. Kiitikio chake kilisikika kama mtu anayeitikia akiwa uani. Na trak hiyo sikuisikiliza peke yake hata mara moja, ingawa ni kitendo cha kubonyeza kitufe kimoja tu. Sikutaka sauti ile masikioni mwangu bila baba kuwepo.

Miezi minne baadaye baba alifariki.

Arobaini ilipokaribia, wazee wa ukoo walikubaliana kwamba baada ya dua sauti ya marehemu isikilizwe, kasida yote, watu wamkumbuke. Wawili walisema haifai, wakashindwa na wengi. Siku tatu kabla, baba mdogo akaja studio. Hakusimama nyuma yangu. Alikaa kwenye benchi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ile kasida ipo?"

"Ipo, tayari."

"Mimi nitoe."

Nikageuka. "Nikutoe vipi?"

"Sauti yangu. Ifute yote, abaki kaka peke yake."

"Kasida bila kiitikio? Watu wasikie mtu anaita hakuna wa kumwitikia?"

"Hilo si lako. Futa."

"Nipe sababu."

Alitazama kioo, ile mistari miwili, wa baba juu na wake chini. "Sababu ni kwamba nimesema."

Hapo damu ikanipanda. Nilimwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naona uso unawaka. Nilimwambia, "Alipokuwa hai ulikuwa unamkalia sikioni. Leo yuko kaburini ndiyo hutaki hata kusikika naye? Unamwonea aibu kaka yako?"

Akasimama, akaweka kikoi sawasawa begani. "Sikio halipiti kichwa, wewe mtoto."

"Mimi si mtoto. Na hapa ni kwangu."

Akatoka. Hakungoja hata kahawa. Shangazi, aliyekuwa ukumbini akichambua mchele, alinitazama kama aliyemwagiwa maji. "Umemjibu hivyo? Ndiye baba uliyebaki naye." Nikampita.

Nikarudi kwenye kiti, nikashika kidude cha trak yake. Hasi kumi na nane. Nikakisukuma mpaka kikalingana na cha baba, halafu nikakiongeza kidogo tena juu yake. Hutaki kusikika? Utasikika mpaka Pande. Nikatoa faili, nikalitia kwenye flashi, nikazima mashine. Sikuisikiliza. Katika kazi zangu zote hiyo ndiyo moja niliyoitoa bila kuisikiliza, na ilikuwa ya baba yangu.

Siku ya arobaini wanaume walikaa mbele chini ya turubai, sisi wanawake uani na masufuria ya pilau. Spika ilikuwa huko mbele, na flashi imechomekwa humo. Ilipoanza, uani pakawa kimya. Shangazi aliziba mdomo kwa upindo wa khanga. Sauti ya baba ilikuwa safi, ya karibu, kama yuko ukumbini anatafuta viatu vyake. Kiitikio cha baba mdogo kilikuja kizito, sawa na yeye, na mimi nikafurahi furaha mbaya. Nikasema, haya, jifiche sasa.

Beti kumi na moja zilikwenda vizuri. Kabla ya ubeti wa kumi na mbili nikasikia sauti nyingine, ya koo, ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Mlango wa rehema." Halafu baba akaingia kwa sauti yake nzuri: "Mlango wa rehema..." Wazo langu la kwanza lilikuwa la fundi. Nilidhani ni mwangwi, nimeuzidisha. Lakini mwangwi huja nyuma, hautangulii. Ubeti wa kumi na tatu, ile sauti tena, mbele ya baba. Wa kumi na nne. Ubeti wa kumi na tano baba aliishika nusu ya mstari, akasita, na ile sauti ya koo ikamalizia kwa kunong'ona, naye akaipokea kama aliyekuwa nayo muda wote.

Jirani yetu mmoja, mama mzee aliyeisikia kasida ile tangu utoto wake, aliacha kukoroga. Hakumwambia mtu yeyote. Alisema tu, taratibu, akitazama sufuria: "Anasomewa."

Niliacha kisu kwenye vitunguu, nikakimbilia ukumbini, kwenye dirisha la nyavu linalotazama mbele. Kutoka hapo mpaka kwenye spika palikuwa na wanaume mia waliokaa mikekani, na mimi mwanamke mwenye mikono ya vitunguu. Niliwaona wawili wakitazamana. Nilimwona kiongozi wa kikundi cha mtaa mwingine akimwinamia jirani yake, na jirani akakunja uso, akatega sikio ili aipate vizuri itakapokuja tena. Miaka yote ya baba ilikuwa inausubiri ubeti wa kumi na sita.

Baba mdogo alikuwa amekaa karibu kabisa na spika. Angeweza kuchomoa waya. Lakini angechomoa, watu wangeondoka na walichokisikia, na kuchomoa kwenyewe kungekuwa ushahidi. Alisimama. Kabla ile sauti ya koo haijaja, alifungua mdomo akausoma ubeti wa kumi na sita yeye mwenyewe, kwa sauti yake yote, sauti ya kumwita mtu ng'ambo, mbele kidogo ya baba na juu yake. Mnong'ono ukazama humo. Baba naye akazama humo. Akaendelea na wa kumi na saba, na wa kumi na nane.

"Mzee, kaa chini!" mtu akasema.

"Mwache marehemu asikike, jamani!"

Hakukaa. Wanafunzi wake wa zamani wakaanza kumwitikia kwa mazoea, halafu wengine, mpaka turubai zima likawa linaitikia. Alisoma beti zote zilizobaki amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. Ubeti wa sitini sauti ilianza kupasuka. Ubeti wa sabini ilikuwa imeshapasuka, akaendelea nayo hivyo hivyo. Wazee walinyanyuka kabla ya pilau. Nilisikia maneno yao wakipita chini ya dirisha. Hana adabu. Wivu tu, tangu zamani. Hata arobaini ya kaka yake lazima ajionyeshe. Hakuna hata mmoja aliyesema habari ya kusomewa. Yule mama mzee wa uani naye alisema labda masikio yake yamechoka.

Mimi nilikuwa bado nimeshika nyavu za dirisha. Nilikuwa nimewahi kuisikia sauti ile ikisoma vile vile, nyuma ya mgongo wangu, nikiwa na miaka kumi na mmoja na mdomo wazi. Na hakuna mtu, tangu siku ile mpaka leo, aliyewahi kuniambia kwamba nilisahau.

Nilimkuta ukumbini, amekaa peke yake na kikombe cha kahawa. Nikapiga magoti.

"Baba mdogo, sikujua."

Sauti yake ilikuwa imekwisha, ilibaki pumzi tu. "Hukujua kwa sababu hukusikiliza. Kwani kazi yako ni nini?"

Nikaitazama mikono yangu ya vitunguu.

"Mwaka wa pili ule beti zilikuwa zinamtoka," akasema. "Aliniapisha. Alisema wajue watu wote, lakini asijue yule mtoto." Akanywa kahawa. "Nilikwambia ufute."

Kesho yake asubuhi nilijifungia studio. Nikabonyeza kile kitufe, nikaisikiliza trak yake peke yake, mwanzo mpaka mwisho, jambo nililopaswa kulifanya miezi mitano nyuma. Yote yalikuwamo. Tangu ubeti wa kumi na mbili alimpa baba neno la kwanza la kila ubeti, mara nyingine mstari mzima, na kila baada ya beti kadhaa alisema, "Pumua, kaka." Niliposimama kwenye ubeti wa arobaini nililia, nikanawa uso, nikaendelea. Mwisho kabisa, baada ya kiitikio cha mwisho, pale nilipokuwa nimeshavua hedifoni siku ile na kuanza kukunja waya, kuna sauti ya baba, mbali kidogo na maiki: "Nimefika?" Na baba mdogo akamjibu: "Umefika, kaka. Umefika."

Nikaianza miksi upya. Nilikata minong'ono yote, mmoja mmoja, safari hii kwa sikio, na nikaifuta kabisa pasiwe na mtu wa kuipata hata mashine ikiibwa. Kiitikio chake nilikiacha, nikakiweka sawa na baba. Si juu wala si chini.

Kikundi kilipokaa kuchagua kiongozi mpya, baba mdogo hawakumchagua, ingawa ndiye mtu pekee aliyebaki na beti zote themanini kifuani. Mtu anayemfunika marehemu siku ya arobaini yake, walisema, atatuongoza vipi? Nimeyasikia hayo sokoni, nimeyasikia msibani, nimeyasikia kwa dereva wa bodaboda asiyejua mimi ni nani. Kila mara sentensi moja inanijia ulimini. Sentensi hiyo ingemsafisha baba mdogo saa hiyo hiyo. Sentensi hiyo hiyo ingemkalisha baba yangu chini, na hasimami tena. Naimeza, narudi nyumbani na hasira ambayo haina pa kwenda, maana mwenye kosa ni mimi.

Idi naenda Pande kumwamkia. Ananiitikia marahaba, ananiuliza habari za safari, basi. Hajasema amenisamehe, na mimi sina uso wa kuuliza. Nilimuuliza jambo moja tu, mwaka jana, kuhusu ile sherehe ya madrasa na ubeti wangu wa sita. Alinitazama kama asiyeelewa.

"Ubeti gani?" akasema. "Wewe hukuwahi kusahau ubeti."

Juzi amekuja bwana mmoja wa kikundi kuchukua nakala ya kasida. Akapita benchi, akaja mpaka begani, akanipumulia shingoni. Tukasikiliza beti chache. Akanyoosha kidole kwenye kioo, kwenye ule mstari wa chini.

"Huyu mzee mbona umempandisha hivi? Alishatuharibia arobaini. Mshushe kidogo."

Ile trak tupu ya wanakwaya ninayo mpaka leo. Ningeweza kuibadilisha jina, nikaishusha taratibu mbele ya macho yake, naye angefumba macho na kusema sasa imekaa. Nikatoa mkono kwenye kipanya.

"Hashuki," nikamwambia. "Na wewe nenda ukakae kwenye benchi."